Kofia ngumu inayofunika uso mzima: uzoefu wangu wa miezi 19 katika Barabara ya Morogoro

Ninakaa Kibamba, pembezoni mwa Dar es Salaam, na ninafundisha Kibaha, kwa hiyo kila siku ya kazi ninaendesha pikipiki katika Barabara ya Morogoro, kati ya malori yanayokwenda bara, mabasi ya mikoani na bajaji zinazochomoza kutoka kila kichochoro. Kwa miaka 4 nilivaa kofia niliyopewa dukani siku niliponunua pikipiki, ile ya nusu kichwa, nikiamini kwamba nimejikinga. Siku moja niliichana kitambaa cha ndani ili nikifue, nikakuta sponji laini, nyembamba kuliko ya godoro, imegandishwa moja kwa moja kwenye plastiki. Hapakuwa na kitu kingine chochote.

Jambo hilo lilinishtua kwa sababu kazi kubwa ya kofia ngumu hufanywa na tabaka ambalo mnunuzi halioni. Gamba la nje huzuia vitu vyenye ncha na kusambaza nguvu ya pigo, lakini kinachookoa ubongo ni povu gumu la polistirini lililo chini yake, la aina ile inayofungia televisheni mpya kwenye boksi. Kichwa kinapogonga lami, povu hilo hubonyea na kusagika, na kwa kubonyea kwake linakipa kichwa nafasi ndogo ya kusimama badala ya kukatizwa mwendo ghafla. Sponji laini haiwezi kazi hiyo, kwa kuwa inabanwa papo hapo na pigo lote linafika kwenye fuvu.

Nilitafuta Kariakoo kwa Jumamosi 3 kabla ya kupata niliyoitaka, kwa shilingi 280,000, bei ambayo ilikuwa zaidi ya mara kumi ya zile zinazotundikwa barazani. Nilichokagua kwanza si rangi wala stika ya nyuma, maana stika yeyote anaweza kuichapisha, bali kipande cha kitambaa kilichoshonwa kwenye mkanda wa kidevuni. Kofia iliyopimwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 22 huwa na herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha, na chini yake namba inayoanza na 05 au 06 kulingana na toleo la kanuni. Ya kwangu ilianza na 05, tena ilikuwa na herufi P, maana yake sehemu ya kidevu nayo imepimwa kuwa ni kinga. Ukiona J, kofia hiyo haina kinga ya kidevu. Ukiona NP, kipande cha mbele kipo lakini hakihesabiwi kuwa kinga. Kitambaa pia kinaweza kughushiwa, kwa hiyo niliinua bitana mbele ya muuzaji na kuhakikisha povu gumu lipo pande zote, hadi mashavuni.

Kuhusu saizi, nilipima mzingo wa kichwa juu kidogo ya nyusi nikapata sentimita 59. Muuzaji alisisitiza nichukue kubwa zaidi "ili ipumue", nami nilikataa. Kofia mpya inapaswa kubana mashavu kiasi cha kuyasukuma kidogo, kwa kuwa bitana hulegea baada ya wiki chache. Jaribio ninaloliamini ni kufunga mkanda, kushika ukingo wa nyuma na kujaribu kuivua kofia kwa kuisukuma mbele: ikitoka, haifai hata kama ni ya bei ghali. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kofia ikivaliwa ipasavyo hupunguza hatari ya kifo kwa zaidi ya mara 6 na ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74, na neno "ipasavyo" ndilo ninalolikosa kila ninapopita kijiweni na kuona mikanda ikining'inia.

Katika matumizi ya kila siku inanitesa kwa joto, hasa mchana wa Januari na Februari nikiwa nimesimama kwenye foleni. Wakati wa mvua kioo hujaa ukungu, na dawa yake ni kukifungua kidogo, jambo linaloruhusu matone kuingia. Uzito wake wa gramu 1,500 ulinichosha shingo kwa wiki 2 za mwanzo. Sauti za pembeni hupungua, kwa hiyo nimejifunza kugeuza kichwa zaidi kabla ya kubadili upande. Upeo wa kuona haujapungua, kwani kanuni inataka mvaaji aone hadi nyuzi 105 kila upande. Faida ambayo sikuitarajia ni macho. Zamani vumbi la malori lilinifanya nifumbe jicho moja huku nikiendesha, na sasa ninaona shimo na mchanga mapema zaidi. Kioo cheusi kilichokuja nacho sijakitumia, maana ninarudi nyumbani jioni, giza likianza kuingia.

Mwezi wa 14, katika mvua za masika, bajaji ilikatiza mbele yangu maeneo ya Kiluvya. Nilikuwa kwenye kama kilomita 40 kwa saa. Nilishika breki ya mbele juu ya mchanga ulioletwa na maji, gurudumu likateleza, nikaanguka kwa ubavu wa kulia na uso ukaburuzwa kwenye lami. Nilivunjika mfupa wa mtulinga. Kofia ilichubuka kuanzia kidevuni hadi taya la kulia, mahali ambapo ile ya zamani isingekuwa na kitu ila mdomo wangu. Namshukuru sana mama muuza matunda aliyewazuia vijana wasinivute kofia kwa pupa kabla sijasema kwamba shingo haina maumivu.

Nyumbani nilitoa bitana. Nje palionekana mchubuko tu, lakini ndani povu lilikuwa limebonyea, na ufa mwembamba ulipita karibu na sikio. Povu lililobonyea halirudi, hivyo kofia hiyo ilikuwa imemaliza kazi yake. Kijana wa bodaboda jirani yetu aliniomba, "Mwalimu, hiyo bado nzima kabisa, niachie mimi." Nilimwonyesha ufa, kisha nikakata mikanda mbele yake, kwa kuwa nilijua nikiitupa tu ingeokotwa na kuvaliwa.

Pigo linalotumika kupima toleo la 05 ni la mita 7.5 kwa sekunde, yaani kilomita 27 kwa saa, karibu sawa na kichwa kuanguka kutoka kimo cha mita 3. Kofia haikupimwa kwa pigo la kilomita 90 kwa saa, na tangu niifahamu namba hiyo ninapunguza kasi kila ninapoona bajaji imeelekeza gurudumu barabarani.

Sasa nimenunua 2 za toleo la 06, ambalo hupima pia pigo la mshazari linalozungusha kichwa. Ya pili ni ya mke wangu. Alikuwa akikataa kofia za bodaboda kwa sababu ya jasho la wengine na kwa sababu zilimharibia nywele. Hii ni yake peke yake, saizi 56, naye huvaa kofia nyepesi ya pamba ndani yake. Hatuzitundiki kwenye kioo cha pikipiki, kwa kuwa hubonyeza povu, wala hatuziweki karibu na petroli. Kwenye mkanda wa kila moja nimeandika tarehe ya kununua, kwani watengenezaji wengi hushauri kofia ibadilishwe baada ya miaka 5 hata kama haijawahi kugonga chochote.