Boksi limeandikwa RAM 16GB: simu ya kununua kama hutaki ianze kuganda mapema

Lalamiko ni lilelile, wanaolileta ndio hubadilika. Simu mpya, betri 5000, boksi limeandikwa RAM 16GB (memori ya kufanyia kazi), lakini baada ya miezi michache ukigusa WhatsApp unahesabu moja, mbili, tatu ndipo meseji zitokee. Muuzaji akiulizwa anajibu, "Umejaza picha." Hajakosea sana, ila kasoro kubwa ilikuwamo ndani ya boksi tangu siku ya kwanza, na boksi halikuitaja.

Kamera naziruka, na rangi, na ukubwa wa kioo. Hayo winga (dalali) yeyote wa Kariakoo atakumwagia bila kuulizwa. Hata mAh, kipimo cha ukubwa wa betri, sizikalii sana, maana simu nyingi za bei ya chini na ya kati zimewekewa betri ya 5000 mAh au karibu na hapo. Gunia la mkaa ni lile lile kwa kila mtu. Kinachotofautiana ni jiko, yaani chipu (prosesa), ubongo wa simu. Chipu ya Helio G85 imetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 12, Helio G99 na Snapdragon 685 kwa nanomita 6. Kwa kazi ileile, ya kwanza inakula zaidi na kupata joto zaidi. Ndiyo maana simu mbili za 5000 mAh zinatoka nyumbani asubuhi pamoja, moja inafika saa mbili usiku na nyingine inaomba chaja saa kumi jioni. (Ukikaa pasipo na mtandao mzuri, zote mbili zitaisha mapema: simu inapiga kelele kuutafuta mnara, na kelele hizo ni chaji.)

Tuje kwenye kasoro yenyewe: aina ya hifadhi, yaani ghala la picha na programu zako. Watu huuliza hifadhi ni GB ngapi, hawaulizi ni ya aina gani. Simu za bei ndogo hutumia eMMC 5.1, ambayo kwa kiwango chake haivuki MB 400 kwa sekunde. Zilizo juu yake kidogo hutumia UFS 2.2, ambayo kikomo chake ni MB 1,200. Lakini namba hizo si ubaya wote. eMMC ni daladala ya mlango mmoja: wanaoshuka wasipomaliza, wanaopanda wanasubiri. Haisomi na kuandika kwa wakati mmoja. UFS ina mlango wa kupandia na mlango wa kushukia. Ukitaka kuona tofauti, acha Play Store isasishe programu tatu kwa pamoja, halafu jaribu kufungua programu ya kutuma pesa. Kwenye eMMC simu itakodoa macho tu.

Hapo ndipo ile "RAM 16GB" inapogeuka utani. Ndani kuna RAM halisi ya 8GB. 8GB nyingine zimekopwa kwenye hifadhi. Tecno wanaiita MemFusion, Samsung RAM Plus, kila kampuni na jina lake. Programu usizozitumia kwa wakati huo husukumwa kwenye hifadhi, ukizihitaji zinavutwa kurudi. Kama hifadhi ni eMMC, umechukua mlango mmoja uliokuwa na foleni ukaongeza foleni ya pili. Juu ya hapo, chembe za hifadhi zina idadi maalumu ya kuandikwa kabla hazijachoka, na GB ulizokopa hazipatikani tena kwa picha zako. Betri nayo inalipa: kila sekunde unayosubiri, kioo kinawaka na prosesa iko macho.

Kwa hiyo jumlisha RAM halisi peke yake. 4GB ya kweli leo ni dhiki, 6GB inavumilika, 8GB inatosha. Na hifadhi usiijaze kupita asilimia 80 hadi 85, kwa sababu ikikosa nafasi tupu inalazimika kupanga na kufuta kabla ya kuandika chochote. Kwa mantiki hiyo 64GB siku hizi ni mtego: mfumo wenyewe unameza sehemu kubwa, magrupu ya WhatsApp yanamaliza iliyobaki.

Nikipanga, naanza na Redmi Note za Xiaomi, na upendeleo huu siufichi. Redmi Note 13 ya 4G ina Snapdragon 685, UFS 2.2, kioo cha AMOLED na chaji ya wati 33. Chukua ya 8GB. Mrithi wake, Redmi Note 14 ya 4G, ana Helio G99 Ultra, UFS 2.2 na betri ya 5500 mAh. Bei zikikaribiana, mchukue yeye. Ubaya wake ni matangazo yanayojitokeza ndani ya programu za Xiaomi wenyewe. Ingia kwenye mipangilio ya kila programu uzime mapendekezo. Ni kazi ya dakika kumi, mara moja tu.

Ya pili ni Samsung Galaxy A16, kwa anayetaka kukaa na simu miaka mingi, maana Samsung wameiahidi masasisho ya miaka sita. Toleo la 4GB lipite mbali, hata winga aape. Chaji yake ni wati 25 na mara nyingi kichwa cha chaja hakimo kwenye boksi, kwa hiyo bei uliyotajiwa si bei yote. Ukinunua kichwa pembeni, kichomeke palepale dukani: kioo kisipoandika "Super fast charging", hicho si cha wati 25, rudisha.

Ya tatu ni kundi la Helio G99 la Infinix na Tecno: Hot 40 Pro na Spark 20 Pro, zote wati 33. Zina nguvu ya kutosha kwa bei yake. Angalia neno "Pro" kwa makini, kwani Spark 20 isiyo Pro ina G85, na kwenye kabati la kioo zinapangwa bega kwa bega kama mapacha.

Dereva wa bodaboda anayewasha ramani kutwa nzima namtengea Tecno Pova 5: 6000 mAh, wati 45, G99. Ni nzito mfukoni, lakini inafika usiku.

Zilizobaki, yaani Galaxy A05, Redmi 13C ya 4G (ndiyo, hata Redmi) na ndugu zao wa G85 wenye eMMC, ni za kupiga, meseji na kutuma pesa. Ukiwa nayo, zima RAM ya kukopa, ondoa usichotumia, basi.

Kupima dukani hakuzidi dakika kumi. Bonyeza *#06#, IMEI (namba ya utambulisho wa simu) ifanane na ya kwenye boksi. Tanzania tuma namba hizo 15 kwenda 15090 usome jina la simu litakalorudi. Kisha Mipangilio, Kuhusu simu, gusa nambari ya muundo (kwenye Redmi, toleo la MIUI au HyperOS) mara saba ili chaguo za wasanidi programu zifunguke, ingia sehemu ya memori. Simu ya 4GB halisi itaonyesha pungufu kidogo ya 4, ya 8GB pungufu kidogo ya 8. Ikionyesha nusu ya ulichoambiwa, umeshaelewa. Mwisho washa hotspot, pakua programu ya kupima kasi ya hifadhi, mfano AndroBench, na upime kasi ya kusoma mfululizo. Ikivuka MB 400 kwa sekunde, hiyo si eMMC. Ikigota kwenye 250 au 300, bei inabidi ishuke.

Tatizo ni kwamba maduka mengi hayakuruhusu kuwasha simu kabla hujalipa, na ukishalipa "mali ikitoka hairudi". Ulaya, simu mpya zinazoingia sokoni tangu tarehe 20 Juni 2025 zina lebo inayotaja saa ambazo betri inadumu na mizunguko ya chaji inayohimili, angalau 800 kabla haijashuka chini ya asilimia 80. Sisi tunabandikiwa stika ya 16GB na kulipishwa kana kwamba zote ni za kweli. Wanaonunua kwa mkopo wa kila siku wanaumia zaidi, kwani simu inaanza kuganda deni likiwa halijafika nusu.

Kama duka linakataa kukuwashia, nenda la jirani. Simu ni zilezile. Na kwenye risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) hakikisha limeandikwa jina kamili la toleo, IMEI, na memori kwa namba halisi, mfano RAM 8GB na hifadhi 256GB. Wakiandika 16GB, waandike upya kabla hujatoka.