Pedi ya joto ya umeme kwa maumivu ya selimundu: nyota nne kati ya tano

Nimezaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, aina ya SS (yaani nimerithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama), kwa hiyo naipima pedi hii kwa mahitaji ya mtu anayeumwa mifupa, si ya mtu aliyechoka mgongo kwa kukaa ofisini. Wengi waliokwisha kuisifu ni wa kundi la pili. Yanayowafaa wao hayatutoshi sisi.

Kubwa la kwanza ni upana wake. Inafunika paja zima au kiuno chote, na hapo ndipo inapoipiku chupa ya mpira ya maji ya moto niliyoitumia tangu utotoni. Krisisi, yaani shambulio la maumivu makali ya selimundu, haikai mahali pamoja. Inaanza kwenye muundi, inapanda gotini, mara kiuno nacho kinaitikia. Chupa utaihamisha-hamisha mpaka uchoke, tena inapoa upesi, na kuamka kuchemsha maji mengine wakati huwezi kukanyaga chini ni adhabu juu ya adhabu. Pedi unaizungushia mguu, unafunga mkanda, basi.

Boksi linadai kwamba pedi "huboresha mzunguko wa damu na kumaliza maumivu". La kwanza nalikubali kwa shingo upande, la pili ni maneno ya biashara. Chembe nyekundu za damu zenye haimoglobini S (ile yenye kasoro ya selimundu) zikipungukiwa oksijeni, hasa mwili ukiwa umekauka maji, hupinda, hukakamaa na kunata, kisha huziba mishipa midogo. Mfupa unaokosa damu ndio unaolia. Joto linatanua mishipa iliyo karibu na ngozi na kulegeza misuli iliyojikaza kwa uchungu. Halinyooshi chembe hata moja. Ila nafuu ninayoipata ni ya kweli, na saa ile nafuu ndogo ina thamani kubwa. Muhimu usije ukashawishika na pakiti za barafu zinazouzwa pamoja nayo kwa ajili ya wanamichezo: baridi hubana mishipa, na kwa wengi wetu ndiyo inayoleta krisisi yenyewe.

Mimi naiwasha mapema. Mwili wangu hutoa taarifa: uchovu usioeleweka, macho kuzidi umanjano, halafu maumivu ya ndani kabisa, yanayodunda, ambayo kusugua hakuyafikii. Wengine hawapati taarifa yoyote, yanawavamia usingizini. Nikiyahisi nakunywa maji ya kutosha, nameza parasetamo kwa kipimo nilichoandikiwa, bila kungoja yapande (ibuprofeni naulizia kwanza, figo zetu si za kuchezea), kisha pedi kwenye namba mbili ya kiwango cha joto kwa dakika 20 hivi. Naitoa, naangalia ngozi, narudisha.

Namba tatu isingekuwepo kabisa. Ni kali mno, na sisi tunatumia kitu hiki tukiwa na dawa mwilini. Ukishameza dawa ya jamii ya mofini, usingizi unakubeba na ngozi inaungua bila wewe kujua. Kwa hiyo kule kujizima yenyewe ndiyo sifa ninayoithamini kuliko zote. Yenye kukosa hiyo usiinunue hata ikipunguzwa bei. Usiiweke juu ya kidonda cha mguu. Usiiweke pia juu ya plasta ya fentanili (dawa kali ya maumivu inayopenya kupitia ngozi), maana joto huifanya dawa iingie mwilini kwa kasi ya hatari.

Lalamiko langu zito liko kwingine, na sijaona aliyeligusa. Pedi inaficha homa. Umejifunika, ngozi ya moto, jasho linatoka. Nani atajua kama ni pedi au ni maambukizi? Wengu zetu nyingi huacha kufanya kazi tangu utotoni, hivyo homa kwetu ni dharura. Kipimajoto kingepaswa kuwa humo humo kwenye boksi. Kwa kuwa hakimo, nunua chako. Toa pedi, subiri kidogo, pima. Ikifika 38.5 anza safari ya hospitali, hata kama mguu umepoa. Kifua kikibana au pumzi ikiwa fupi, upande mmoja wa mwili ukilegea, maneno yakivurugika, achana na pedi kabisa, nenda. Vivyo hivyo mtoto akipauka ghafla na tumbo kuvimba upande wa kushoto, au mwanamume akisimamisha kwa maumivu na hali haishuki. Hilo lisiachwe mpaka muda wa saa 4 upite.

Halafu kuna hili: ukifika hospitali umejifunga pedi na umetulia, utaonekana huumwi. Mapigo ya moyo na presha vinaweza kuwa vya kawaida huku mfupa unateketea. Sema kiwango cha maumivu yako kwa namba, na useme umemeza nini na saa ngapi. Mwongozo wa Chama cha Hematolojia (tiba ya magonjwa ya damu) cha Marekani wa mwaka 2020 unataka dawa ya maumivu itolewe ndani ya saa 1 tangu ufike, na upimwe upya kila dakika 30 hadi 60. Si hisani unayoombewa.

Anayeniuliza kama pedi itampunguzia krisisi, jibu ni hapana. Inalainisha iliyokwisha kuja. Dawa ya kupunguza idadi ya krisisi ni haidroksiyurea, iliyoidhinishwa Marekani kwa watu wazima mwaka 1998, na hiyo inataka daktari na vipimo vya damu vya mara kwa mara.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya namba tatu na waya mfupi unaokulazimisha kulala ukutani. Ganda lake linavuliwa na kufuliwa, vizuri. Chupa ya mpira sijaitupa, maana umeme ukikatika pedi ni kitambaa tu.