Mashine ya Kuchomelea kwa Kazi za Magogo: Kagua Kebo Kabla ya Kuuliza Amperi

Wasomaji walioniandikia kutoka Mafinga na vijiji vinavyouzunguka msitu wa Sao Hill wana malalamiko yanayofanana mno. Mashine ya kuchomelea ni mpya, imeandikwa amperi 300 au hata 400, lakini ikifikishwa kwenye tela la magogo lenye ufa, rodi inanata, moto unakatika, na kiungo kilichochomelewa asubuhi kinaachia kabla ya tela kurudi kutoka shambani. Wengi wao wanaamini kwamba wameuziwa mashine mbovu, na baadhi yao wana haki ya kuamini hivyo. Hata hivyo, katika picha nyingi walizonitumia, kasoro ninayoiona kwanza haimo ndani ya mashine. Imo katika kebo mbili na klempu ya athi, yaani kibanio cha kurudisha umeme kwenye mashine, iliyokuja ndani ya boksi, vitu ambavyo mnunuzi haviulizi na muuzaji havitaji.

Mitambo ya magogo huitesa kebo kwa sababu ni mikubwa na aghalabu huharibikia mbali na umeme. Kebo ya mita 2 inatosha juu ya meza ya karakana, lakini tela likivunjika mteremkoni na jenereta likabaki barabarani, fundi anahitaji walau mita 10 za kwenda na mita 10 za kurudi. Kebo ya shaba yenye unene wa milimita 16 za mraba, kwa jumla ya mita hizo 20, ina ukinzani wa takriban ohm 0.022. Ukichomelea kwa amperi 140, unapoteza volti 3 njiani na kuipasha kebo moto kwa zaidi ya wati 400, ilhali moto wenyewe kwenye ncha ya rodi unahitaji volti zipatazo 26. Hayo ni mahesabu ya shaba halisi. Kebo nyingi za ndani ya boksi ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo hupitisha umeme kwa takriban theluthi mbili tu ya uwezo wa shaba, na hapo hasara inakaribia volti 5. Ongeza juu yake umeme wa gridi ulioshuka saa ambazo vinu vyote vya jirani vinapasua mbao, na utaelewa kwa nini rodi inanata hata mkononi mwa fundi mzoefu.

Kuitambua alumini si kazi ngumu. Fungua ncha ya kebo, chukua uzi mmoja wa waya na uukwangue kwa kisu. Shaba ya kweli ni nyekundu mpaka ndani, lakini alumini itaonyesha weupe mara tu ngozi ya juu inapotoka. Kwa kazi za msituni nunua kebo ya shaba ya milimita 35 za mraba, ambayo kwa urefu uleule na amperi zilezile hupoteza volti 1.4 tu. Hakikisha pia kwamba plagi ya kebo inalingana na soketi ya mashine, kwa sababu mashine ndogo nyingi zina soketi nyembamba isiyopokea plagi ya kebo nene.

Klempu ndiyo inayonikera zaidi. Ile ya boksini kwa kawaida ni bati lililokunjwa, lenye taya mbili ambazo hazina muunganiko wa umeme zaidi ya springi na pini. Taya moja pekee ndiyo iliyofungwa kebo, na ikiwa ndiyo iliyoangukia upande wenye rangi au kutu, umeme wote unalazimika kupita kwenye springi, springi inaiva na kulegea, na klempu inakuwa haina thamani. Tafuta klempu ya shaba nyeupe iliyosubiwa, au yenye mkanda wa shaba unaounganisha taya zote mbili, au ile ya kukaza kwa skrubu. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na beringi moja.

Ninataja beringi kwa makusudi. Klempu mbovu, au nzuri iliyowekwa pabaya, huulazimisha umeme kutafuta njia nyingine ya kurudi. Fundi akiibana kwenye chesesi ya trekta kisha akachomelea mkono wa kreni, umeme utapita kwenye pini, kwenye beringi ya kuzungukia, au kwenye fimbo ya silinda ya haidroliki. Kila unaporuka kati ya chuma na chuma huacha kishimo kidogo. Beringi huanza kuunguruma wiki kadhaa baadaye na sili ya silinda huanza kuvuja mafuta, na mwenye mtambo hamkumbuki tena yule aliyechomelea. Bana klempu kwenye kipande kilekile unachokichomelea, karibu na ufa, mahali palipokwanguliwa mpaka chuma king'ae, na usiruhusu kamba ya chuma ya winchi iwe njia ya kurudisha umeme. Tenganisha pia betri na oltaneta, na kwa malori mapya chomoa kompyuta ya gari kabla ya kugusisha rodi.

Sasa nije kwenye mashine zenyewe. Sifichi upendeleo wangu: ninaweka mbele inveta, yaani mashine nyepesi ya kielektroniki, ya kampuni ya ESAB yenye amperi 180 hadi 200. Kampuni hiyo ilianzishwa na Oscar Kjellberg huko Göteborg, Sweden, mwaka 1904, naye ndiye aliyevumbua rodi yenye koti. Herufi OK zilizo kwenye rodi zao ni za jina lake. Hata hivyo, historia siyo inayonifanya niipendekeze. Ninaipendekeza kwa sababu kibao chake cha nyuma husema ukweli. Juu ya kibao tafuta herufi X, ambayo ni asilimia ya dakika 10 ambazo mashine inaweza kuchomelea bila kupumzika katika joto la nyuzi 40, na chini yake I2, ambazo ni amperi zinazohusika. Kwa rodi ya milimita 3.2, inayotosha kwa ukarabati mwingi wa tela na winchi, unahitaji amperi zipatazo 130 kwenye X ya asilimia 60. Mashine inayotimiza hilo kwa kweli inaishinda ile iliyopakwa namba 400 ubavuni.

Chaguo langu la pili ni transfoma inayotengenezwa na mafundi wetu wenyewe, mradi koili zake ziwe za shaba na uwe umeziona kabla ya kufungwa. Ni nzito, inakula umeme, na haifai kupandishwa mlimani, lakini inavumilia vumbi la mbao ambalo huiua inveta, na kila mji una mtu wa kuisuka upya. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba hutoa umeme wa mkondo geu (AC). Rodi ya aina ya 6013 itawaka vizuri, lakini ya aina ya 7018 ya kawaida, ambayo ndiyo inayostahili kwenye chesesi na mikono ya kreni, itasumbua. Mashine yenye injini yake ni bora kuliko zote msituni, lakini bei yake inaitoa katika mwongozo wa watu wenye bajeti ndogo. Inveta za bei ya chini kabisa zinafaa kwa mageti na madirisha.

Anayetegemea jenereta asinunue chini ya kVA 7 kwa inveta ya ukubwa nilioutaja, na akumbuke kwamba injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Nyanda za Mufindi, uliko msitu wa Sao Hill, hukaribia mita 2,000 katika baadhi ya maeneo. Jenereta lililofanya kazi bila tatizo Dar es Salaam litapungukiwa na karibu moja ya tano ya nguvu zake huko juu, kwa hiyo ongeza ukubwa tangu mwanzo.

Kwa kukata chuma kinene ninachagua oksijeni pamoja na gesi ya kupikia. Moto wa asetilini ni mkali zaidi, takriban nyuzi 3,100 dhidi ya 2,800, lakini mtungi wa gesi ya kupikia unapatikana karibu kila mji. Nozeli ya asetilini haifai kwa gesi hii, na mipira nayo lazima iwe ya aina inayoruhusiwa, kwa hiyo muulize muuzaji waziwazi. Usikubali seti isiyo na vizuizi vya kurudi kwa moto kwenye mistari yote miwili. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutuama kwenye mashimo, na kwenye kinu chenye unga wa mbao na utomvu wa msindano hilo si jambo dogo. Kwa bati na vyuma vyembamba grainda inatosha. Diski ya milimita 230 isizungushwe zaidi ya mizunguko 6,650 kwa dakika, na kinga yake isitolewe.

Wauzaji wanastahili kuambiwa ukweli. Mashine inayochomekwa kwenye plagi ya amperi 13 haiwezi kutoa amperi 400: kiasi hicho kinahitaji takriban volti 36, yaani wati 14,400, na kwa volti 230 hizo ni takriban amperi 63 kabla ya kuhesabu hasara yoyote. Anayeuza mashine kwa namba hiyo ama hajui anachouza ama anategemea kwamba mteja hajui. Bei nazo haziandikwi. Mwenye kinu anayefika Kariakoo akiwa na vumbi la safari viatuni hutajiwa bei tofauti na fundi anayejulikana dukani, na akidai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bei hupanda tena, kana kwamba risiti ni huduma ya ziada na si wajibu wa kisheria.

Linaloniumiza zaidi ni rodi za 7018 zinazofunguliwa dukani na kuuzwa kwa kilo au kwa viganja. Koti la rodi hiyo hunyonya unyevu wa hewa, na hidrojeni inayotokana na unyevu huo huingia kwenye chuma na kukipasua saa kadhaa baada ya kazi kukamilika, wakati mwingine tela likiwa barabarani na mzigo juu yake. Rodi zilizokaa wazi hurudishiwa ubora wake kwa kuokwa kwenye tanuri la nyuzi 300 na zaidi kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, na ni karakana chache zenye tanuri kama hilo. Kwa hiyo nunua pakiti iliyofungwa kiwandani, OK 48.00 (7018 ya ESAB) ikipatikana, hata kama fedha inatosha pakiti moja ndogo tu, na ifungue siku ile ile ya kazi.