Uzoefu wangu na HelloTalk: nimejifunza Kijapani kwa utani

Nauza spea za magari Ilala, na mzigo wetu karibu wote unatoka Japani. Karatasi za mnada zinakuja kwa Kijapani, nikaona bora nijifunze lugha yenyewe kuliko kumlipa mtu anisomee kila mara. Nilianzia kwenye programu nyingine ambayo siitaji, huko kila niliyemsalimia alikuwa anatafuta mchumba. Ndipo nikahamia HelloTalk, iliyoanza mwaka 2012. Unajaza lugha unayoijua na ile unayoitaka, inakuletea watu wenye mahitaji kinyume na yako. Nikampata mwanafunzi wa Osaka anayesoma Kiswahili. Wengi hatujui kwamba Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili miaka mingi sasa.

Mwanzoni ilikuwa heshima tupu: salamu, majina ya vyakula, hali ya hewa, kwaheri. Mambo yalibadilika siku niliyomtumia ujumbe wa sauti nikiwa ndani ya gari la mteja. Niliwasha, na ile sauti ya dada tunayoisikia kwenye magari mengi ya Kijapani ikatamka maneno yake. Jibu lake lilianza na kicheko kirefu, maneno yakafuata baadaye. Akanieleza kwamba gari linamkumbusha dereva kuwa hajaweka kadi ya kulipia barabara za kasi za Japani. Yaani kila asubuhi kwenye foleni ya Buguruni magari yetu yanadai kadi ya barabara zilizo ng'ambo ya bahari! Nilicheka mpaka mteja akaja kuuliza kulikoni, nikamweleza, naye akashindwa kujizuia. Tangu hapo tukaacha kuandikiana kiofisi.

Akanipa kisa cha Hanshin Tigers, timu ya besiboli ambayo watu wa Osaka wanaipenda kufa. Mwaka 1985, timu ilipotwaa ubingwa wa ligi, mashabiki walikusanyika kwenye daraja la mfereji wa Dotonbori. Wakawa wanaita majina ya wachezaji, na shabiki anayefanana na mchezaji aliyetajwa anajirusha majini. Ilipofika zamu ya Randy Bass, Mmarekani mwenye ndevu, hakupatikana wa kufanana naye. Wakaibeba sanamu ya Colonel Sanders, yule mzee mwenye ndevu wa kwenye nembo ya KFC, kutoka kwenye duka lao la kuku, wakaitosa. Msimu ule timu ikachukua na ubingwa wa Japani, kisha ikaukosa hadi mwaka 2023. Watu wakasema ni laana ya mzee wa kuku. Sanamu yenyewe iliopolewa mwaka 2009.

Kwa mtu aliyekulia kwenye ushabiki wa Simba na Yanga, kisa hicho hakihitaji maelezo. Nilimwambia huku kwetu kamati ya ufundi, wale wa ndumba za mpira, ingekuwa imeshauzamia mfereji usiku uleule. Nikamsimulia watani wa jadi. Aliposikia mimi ni Yanga, akachagua Simba makusudi, ili tupate cha kutaniana. Yanga ikifungwa, simu inaita kabla sijatoka kibandani.

Hapo ndipo nilipomfungulia utani wenyewe. Mimi ni Mnyamwezi, na Wazaramo ni watani wetu tangu enzi za misafara ya kutoka bara kwenda pwani. Hata msibani mtani anaweza kumwigiza marehemu, akadai alipwe, na mfiwa akacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Alinyamaza kidogo, akasema kwao wana manzai, vichekesho vya watu wawili: mmoja anaropoka upuuzi, mwenzake anamkata kwa "Nandeyanen!", kama kusema "Unasema nini wewe!", huku akimpiga kifuani kwa mgongo wa kiganja. Tukawasha video akanifundisha mkono unavyokwenda. Ila akanionya nisilitumie neno hilo kwa mzee wa kampuni ya mnada. Nikamwelewa haraka, maana hata kwetu si kila mtu ana ruhusa ya mtani. Hiyo lugha ya adabu, inayowatesa wengi wanaojifunza Kijapani, mimi imeniingia kupitia mlango huo.

Ninachokipenda zaidi kwenye programu ni kusahihishana. Sentensi yako inabaki na kosa jekundu lililokatwa, sahihi yake inakaa chini kwa kijani. Akinisahihisha utani, namtumia tena mpaka acheke. Toleo la bure limenitosha, na ujumbe wa sauti hauli bando kama video.

Ukijiunga, usikimbilie mwalimu mkali wa sarufi. Tafuta anayecheka kirahisi, na kwenye wasifu wako andika timu yako. Na ukimpata wa Japani, saa zisikusumbue: wapo mbele yetu kwa saa sita, kwa hiyo sisi tukisema saa saba mchana, saa ya ukutani kwake nayo inaonyesha saba, jioni, ametoka darasani.