Dawa za mitishamba za wasiwasi: nunua inayokutajia kilichomo

Malalamiko ya wasomaji safari hii yamefanana hadi yanachosha. Kopo la unga, picha ya ua mbele, nyuma yameandikwa "mchanganyiko wa mimea asilia". Mimea gani? Kiasi gani? Muuzaji anajibu kuwa ni siri ya babu. Siri ya babu kwa Sh 35,000!

Ladha na ukubwa wa kopo siviangalii. Nataka lebo itaje mmea, sehemu ya mmea na miligramu, na nina sababu. Kuna mmea wa maua ya njano, Hypericum perforatum, unaopenda kuwekwa kwenye dawa za kuchangamsha moyo. Unapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, ya warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda), na ya baadhi ya ARV. Ukiwa umo kimyakimya ndani ya kopo, unaweza kushika mimba au kuvuruga matibabu ya miaka, nawe unajisifu kwamba siku hizi umetulia.

Chaguo langu la kwanza ni Lasea ya Ujerumani. Napendelea, na sifichi. Kidonge kimoja kina miligramu 80 za mafuta ya lavenda yaitwayo Silexan. Mwaka 2010 yalilinganishwa na lorazepam, dawa ya hospitali ya kutuliza wasiwasi, kwa watu wenye wasiwasi wa muda mrefu, matokeo yakakaribiana. Utacheua harufu ya maua, hilo livumilie. Bei inauma, na huku kwetu mara nyingi ni mpaka umwagize ndugu aliyeko Ulaya. Yale mafuta ya lavenda ya kujichua usiyameze, hata muuzaji aape ni yaleyale.

Inafuata ashwagandha, mmea wa tiba za asili za India, ila lebo iseme ni mzizi, ikiwezekana KSM-66, jina la kibiashara la dondoo ya mzizi mtupu. Wapo wanaochanganya majani kupunguza gharama. Wajawazito na wenye shida ya ini au ya tezi ya shingo waiache.

Kamomili: chai nzuri ya jioni. Mchaichai wa uani nao unywe tu, ni bure.

Kava, mzizi wa visiwa vya Pasifiki unaouzwa kutuliza wasiwasi, sikushauri. Ujerumani iliiondoa madukani mwaka 2002 kwa hofu ya ini.

Kama tayari unatumia dawa za hospitali, mwoneshe mfamasia lebo kabla ya kulipa. Na muuzaji akikuuliza "kwani wewe daktari?" kwa sababu tu umeomba kujua unachomeza, mrudishie kopo lake.