Priwokauti ipi ununue kama mazoezi yako ni ya jioni

Meseji zimekuwa nyingi na karibu zote zinalia kilio kimoja. Kaka mmoja wa Mbagala anapiga ngumi jioni akitoka kazini, kanunua kopo la priwokauti, ule unga wenye kafeini unaokunywa kabla ya mazoezi, siku ya kwanza kajiona simba, baada ya muda anakodolea dari mpaka saa 8 usiku na kwenye sparingi anaiona kabisa ngumi inakuja ila mkono haupandi kuizuia. Dada wa Tabata yeye moyo unamdunda mpaka anaogopa kuingia chini ya chuma. Wote nimewauliza, kafeini miligramu ngapi? Hakuna aliyejua. Mmoja kaligeuza kopo lote hakuiona namba, na hapo ndo ugomvi wangu unapoanzia.

Kwa hiyo sitaongelea ladha humu, wala misuli kujaa, wala kama unga unayeyuka vizuri, hayo kila muuzaji anayajua. Napanga kwa kitu kimoja, namba ya kafeini imeandikwa au haijaandikwa, na wewe unakunywa saa ngapi.

Maana kafeini haikupi nguvu yoyote mpya jamani. Kuna kemikali inaitwa adenosini inajikusanya ubongoni kutwa nzima, ndo inayokuambia umechoka, sasa kafeini inaziba pale adenosini inaposhikia, uchovu upo palepale ila taarifa haifiki. Na haitoki haraka. Kwa mtu mzima wa kawaida nusu yake inachukua kama masaa 5 kuondoka mwilini. Piga hesabu mwenyewe, umetoka Posta, umekula foleni, umefika jimu saa 12 jioni umekunywa skupu, yani kijiko kimoja cha kupimia kinachokuja na kopo, yenye miligramu 300. Saa 5 usiku bado una 150 kichwani, Red Bull ya mililita 250 ina 80, yani umepanda kitandani na karibu kopo mbili za Red Bull alafu unashangaa usingizi umeenda wapi. Na hili wadada hatuambiwi kabisa, ukiwa unatumia vidonge vya uzazi wa mpango muda huo unaweza kuwa mara mbili yake, kwa hiyo ile skupu ambayo kaka wa pembeni yako anakunywa na analala fofofo, wewe inakufikisha adhana ya alfajiri.

Mtu atasema usingizi na nguvu wapi na wapi. Ukianza kunyanyua vyuma, zile wiki za mwanzo unaongeza kilo kwenye fimbo lakini kioo hakionyeshi chochote, sivyo? Sehemu kubwa ya hiyo nguvu ni mishipa ya fahamu imejifunza kuita nyuzi nyingi za misuli kwa wakati mmoja na kuziita haraka zaidi, watafiti Moritani na deVries walishaonyesha hili mwaka 1979. Bondia ndo usiseme, jabu na kukwepa ni kazi ya fahamu kabla haijawa kazi ya bega, na kombinesheni uliyofundishwa leo kwenye pedi ubongo unaipanga vizuri ukiwa umelala. Sasa unalipa laki na ushee kununua kitu kinachokunyang'anya hicho hicho unachokitafuta.

Namba moja kwangu ni Optimum Nutrition, ile Gold Standard Pre-Workout, na sifichi kwamba naipendelea, wala sijalipwa hata mia. Sababu ni moja, wameandika kafeini miligramu 175 kwa skupu, namba inasomeka, haijafichwa kwenye jina la kutisha, na kuna kreatini, kirutubisho cha kusaidia nguvu ya misuli, gramu 3 humo humo. Ukijua ni 175 unaweza kuchukua nusu skupu na ukajua umekunywa kama 87, jambo ambalo kwenye makopo mengine huwezi kulifanya hata ukitaka. Wauzaji watakuambia hiyo ni ya watoto, wanapenda kukutajia kwamba tafiti zinatumia miligramu 3 mpaka 6 kwa kila kilo ya mwili, ni kweli, ila hawakuambii kwamba hata 2 kwa kilo inaweza kusaidia. Mtu wa kilo 60 hiyo ni 120 tu. Hana sababu ya kunywa 300 saa 12 jioni ili akapige begi.

Namba mbili, kama unaanza mazoezi saa 1 usiku na kuendelea, usinunue priwokauti yenye kafeini kabisa, chukua kreatini monohidreti tupu, gramu 3 mpaka 5 kila siku, saa yoyote unayotaka. Haikusisimui, hutosikia kitu, na ndo maana haiuziki kwa mbwembwe. Ila mabondia mnaopimwa uzito angalieni, kreatini inavuta maji kwenye misuli na kilo moja au mbili zinaweza kupanda mwanzoni, usije ukaianza karibu na pambano.

Namba tatu ni priwokauti inayoitwa C4. Sio mbaya, kafeini wanaiandika, tatizo ni ndugu zake wengi. C4 Ultimate ni 300 kwa skupu, ile ya kawaida ninayoiona mimi madukani imeandikwa 150, makopo yanafanana na jina kubwa la mbele ni hilo hilo. Ukimtuma mdogo wako Kariakoo akuletee C4 anaweza kukuletea dozi mara mbili na wote msijue.

Kahawa ya Africafe kikombe kimoja inafanya kazi hiyo hiyo kwa hela ndogo, ila namba huijui. Tuendelee.

Mkiani kabisa, na wala sio kwa bei maana mengine ni ghali kuliko yote, ni makopo yaliyoandikwa blendi alafu gramu za jumla tu. Sheria ya Marekani inaruhusu, kampuni inataja uzito wa mchanganyiko mzima na majina ya vilivyomo, kila kimoja kiasi gani inabaki siri yao. Kafeini inaweza kuwa 100, inaweza kuwa 350. Na kwenye majina hayo ukiona DMAA au 1,3-dimethylamylamine, kemikali ya kusisimua mwili, lirudishe kopo hapo hapo, mwaka 2012 kuna mkimbiaji alifariki kwenye marathoni ya London na mchunguzi wa vifo akasema hiyo DMAA ilichangia. Kwenye mashindano imepigwa marufuku pia. Kafeini yenyewe ilitolewa kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, tangu 2004, kwa hiyo mabondia hapo msitishwe.

Alafu ule mchezo wa "umeisikia?" Unapewa skupu, baada ya dakika chache uso na masikio yanawasha kama umepita kwenye upupu, muuzaji anacheka, eti mzigo umewaka. Hiyo ni beta-alanini, kiungo kinachowekwa kwenye priwokauti nyingi, inachokoza mishipa ya fahamu ya ngozi, basi. Yenyewe ili ikusaidie inatakiwa uitumie kila siku kwa wiki kadhaa, kuwashwa kwa leo hakujakuongezea hata kilo moja kwenye dedilifti. Lakini watu wananunua kuwashwa.

Na wauzaji nao. Picha ni ya mbele ya kopo tu, bei "njoo inboksi", ukienda inboksi ukaomba picha ya lebo ya nyuma unaitwa dada msumbufu. Kuna mmoja nilimuuliza kafeini kiasi gani akanijibu "ya kutosha". Wengine sa hivi wanapima skupu moja moja kwenye vifuko vya zipu wanauza mlangoni jimu, hakuna lebo, hakuna tarehe ya kuisha, na kwa jasho la hewa ya Dar unga umeshaganda mabonge, hapo hujui hata unakunywa kitu gani. Bei nazo, dola ikipanda makopo yanapanda kesho yake asubuhi, mwishoni mwa 2024 shilingi ilivyopata nguvu nikasubiri nione, nikaambiwa huo ni mzigo wa zamani. Mzigo mpya ukaja na bei ya zamani.

Dada wa Tabata, wewe nusu skupu ya Optimum Nutrition, mwisho saa 10 jioni, na kama moyo bado unadunda hivyo acha kabisa ukamuone daktari kwanza.