Ganzi ya mkono: nilivyohudumiwa kwenye kliniki ya fiziotherapia Sinza

Mimi ni fundi cherehani, Kariakoo. Tangu msimu wa sare za shule, mkono wa kulia ulikuwa unakufa ganzi. Saa nane za usiku naamka, naukung'uta mpaka upate nafuu. Duka moja la dawa walinichoma sindano tatu za vitamini, sikuona badiliko.

Dada aliyenipokea Sinza hakuanza na dawa. Aliuliza: "Mama, na kidole cha mwisho kinakufa ganzi?" Nikasema hicho kizima. Akachukua kalamu, akachora kiganjani kwangu: gumba, shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Eneo lote hilo linahudumiwa na neva moja, yaani mshipa wa fahamu, iitwayo midiani. Inaanzia shingoni, inashuka na mkono, na kwenye kifundo inapenya kihandaki chembamba pamoja na kano tisa, zile kamba za kukunja vidole. Kano zikivimba, neva inabanwa. Kidole cha mwisho kina neva yake, alna, isiyopita humo. Ndiyo ile ukigonga kiwiko unapigwa shoti hadi kidoleni.

Akaniambia nikunje vifundo, migongo ya viganja igusane, nikae hivyo dakika moja. Nusu dakika haikuisha, vidole vikaanza kuwasha kama sisimizi wanatembea.

Nilimuuliza kwa nini sindano inanidondoka. Akaniambia neva hiyohiyo ina nyuzi zinazopeleka habari za mguso ubongoni, na nyingine zinazoleta amri kwenye misuli ya gumba. Ukutani wana picha ya mwili mzima, jozi 31 za neva zikitoka uti wa mgongo. Nimeshona miaka 19, sikuwahi kujua vidole vyangu vimefungwa na shingo.

Nilipewa kifaa cha kunyoosha kifundo wakati wa kulala, 35,000, na mazoezi ya kutelezesha kano. Alinipima sukari pia, maana kisukari nacho huharibu neva. Na alinieleza wazi: nyama ya gumba ikianza kunywea, niende hospitali, huenda nikahitaji upasuaji.

Foleni ni ndefu mno, nilisubiri saa mbili na nusu, na bima hawapokei. Hilo warekebishe, wagonjwa wengi pale ni wazee.

Hii ni wiki ya tano. Nalala hadi adhana ya alfajiri, na juzi nilitunga uzi bila kumwita binti yangu. Mkienda, fikeni kabla ya saa mbili asubuhi.